Nyumba Aliyoipikia Nesi

Nilipanda treni Tabora, nikashuka Morogoro, nikadandia basi hadi Makambako. Pale nilijinyoosha kwenye benchi la mgahawa, begi likiwa chini ya kichwa, nikasubiri basi la Songea. Kutoka Songea kwenda mbele hakukuwa na basi. Mvua ilikuwa imekata barabara, na aliyetaka kufika Mbinga alipanda lori au alikaa. Mimi lori lilikuwa halali yangu, kwa sababu niliajiriwa kulinda mzigo wake: bati, saruji, misumari na fremu za milango. Mkandarasi mwenye mzigo aliangalia cheti changu cha kidato cha nne, akaniuliza kama ninakunywa pombe. Nikasema kidogo. Akasema, "Basi wewe ndiye mtunza stoo wangu."

Tuliingia Mbinga tukiwa na tope hadi kwenye kope. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipaka rangi maghala yao mapya, huku ghala la ushirika likiwa limefungwa kwa mnyororo na mbuzi wamelala mlangoni. Tukaendelea kupanda, tukapita miteremko yenye yale mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo huyachimba ili mvua isiondoke na shamba. Baada ya hapo barabara ikaanza kushuka, na utingo akawa anakimbia kando ya lori na gogo begani, tayari kulitupa chini ya gurudumu. Ziwa lilipoonekana nilidhani ni mbingu imeshuka chini. Utingo akanicheka. "Hiyo ndiyo Nyasa, Bwana Stoo. Usiizoee, utaoa huku."

Niseme kwa nini kijana wa reli alikubali kwenda mbali vile. Nilizaliwa kwenye kota. Baba alikuwa kwenye gengi la reli, na sisi tuliishi katika nyumba zile ndefu zilizopakwa chokaa, kila mlango na namba yake, jiko la nje tukilitumia na majirani. Mama alifagia uwanja ule kama vile ameurithi. Ilipofika miaka ya kupunguza wafanyakazi, baba akapunguzwa, tukapewa mwezi mmoja kuhama. Nilipopita pale baadaye, kota zimeuzwa, madirisha yamewekwa nondo, na mlangoni kwetu kuna mtu anauza soda. Tangu siku hiyo sijakaa mahali nikatulia. Kwa hiyo niliposikia kwamba serikali imetoa mkopo wa kujenga nyumba za watumishi huko Ruvuma, nilifurahi kama mjinga. Nilidhani nakwenda kuona kota zikizaliwa upya.

Kijiji chenyewe kiko kati ya Mbaha na Liuli. Jina lake naliacha. Kulikuwa na kanisa, shule, mitumbwi ufukweni, na zahanati ya vyumba viwili. Nyuma ya zahanati kulikuwa na stoo ya dawa, na ndani ya stoo ile aliishi nesi.

Alikuwa mwanamke wa Njombe, mkunga, umri wake kama wa dada yangu mkubwa. Kitanda chake kilibanwa na makasha ya dripu. Darini waliishi popo, na mavi yao yalidondoka usiku kucha juu ya chandarua, kwa hiyo alitandika nailoni juu yake na kila asubuhi alikwenda kuikung'uta nje mbele ya wagonjwa. Harufu ile ya popo sijaisahau. Iliingia kwenye sare yake, kwenye unga wake, kwenye chai aliyonikaribisha siku ya kwanza. Manesi wengine waliomtangulia walikuwa wamekimbia, kila mmoja akivumilia masika moja na kuondoka. Mwenye uchungu mkali alipelekwa hospitali ya Liuli kwa mtumbwi, na wengine walijifungulia njiani.

"Mimi sitakimbia," aliniambia, "lakini nina mtoto wa kike, yuko Njombe kwa mama. Siwezi kumleta alale chini ya popo. Mkinijengea hiyo nyumba, namleta, anaanza shule hapa, tunakaa. Msiponijengea, nitaomba uhamisho kama wenzangu."

Kijiji kizima kilijua maneno hayo. Nyumba ikisimama, mkunga anabaki.

Mkutano ulifanyika mbele ya zahanati. Alikuja afisa wa mradi, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, akasimama kwenye kivuli cha gari lake, sisi tukasimama juani.

"Mkopo umetoka," alisema. "Zitajengwa nyumba tatu za watumishi, na kalavati kwenye kijito. Vifaa vipo, mkandarasi yupo. Ninyi wananchi mtatoa mawe, mchanga, maji na nguvu zenu. Kuna swali?"

Alisimama bibi mmoja mfinyanzi. Sidhani kama kulikuwa na nyumba pale isiyopikia chungu chake.

"Shikamoo, bibi," afisa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwenye kazi ni nani?"

"Serikali."

"Serikali atapika lini?"

Watu wakaangua kicheko. Afisa naye akacheka kidogo, ila alikuwa ameshaanza kutazama saa. "Bibi, serikali haipiki. Haya ni maendeleo."

"Na Maendeleo naye hapiki?"

Mimi nilicheka pamoja na wengine nikidhani ni utani. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba bibi alikuwa anauliza jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Pale ukitaka watu wakusaidie kulima au kujenga, unawaalika, na unawapikia. Ukipika, kazi ni yako, hata kama ni mjane huna jembe. Na waliokula chungu chako hawaiachi kazi yako hadi iishe. Kazi isiyo na chungu haina mwenyewe. Hakuna atakayeigusa, na hakuna atakayeona aibu kwa kutoigusa.

Afisa hakujua hayo, au hakujali. Dereva wake alikuwa amekwisha washa gari. Akanyoosha kidole kwa nesi, aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina maji.

"Basi, nesi wenu ndiye mwenye kazi! Si ndiye atakayelala humo? Atapika yeye." Akacheka, akageuka huku na huku akitafuta wa kucheka naye.

Hakucheka mtu. Bibi mfinyanzi aligeuka taratibu. "Sista, umesikia? Ni siku gani?"

Nesi alidhani anataniwa. "Jumamosi," akajibu, akarudi ndani kwa mgonjwa wake.

Jumamosi alfajiri akafungua mlango akakuta uwanja umejaa watu. Wanawake wamesimama na mawe vichwani, wanaume na majembe na sepetu, na bibi ameleta vyungu vyake viwili vikubwa, amevipanga juu ya mafiga, chini yake kuni zimekwisha washwa. Kilichokosekana ni chakula. Nesi akanitazama, mimi nikaitazama milima. Kisha akaingia stoo, akatoa unga wake wote wa muhogo, akaupeleka mafigani.

Akapika siku hiyo, na Jumamosi iliyofuata, na zilizofuata. Alipika ugali na usipa, vile vidagaa vya ziwani, siku moja moja akipata mbasa wakubwa kutoka kwa wavuvi wenye wake waliojifungulia mikononi mwake. Alivundika togwa kwenye ndoo za zahanati, alizozichemsha kwanza. Mshahara ukichelewa, alikopa unga. Redio yake ikauzwa Mbamba Bay. Lakini watu walikuja! Sijaona tena watu wakifanya kazi ile. Mawe yalipanda kutoka ufukweni juu ya vichwa vya wanawake, na kila mmoja alilijua jiwe lake, akaliweka na kulisemesha.

"Sista, leo chumvi umepima kwa sindano?" mzee mmoja alimpigia kelele.

"Kula ujenge, babu. Ukilalamika, Jumatatu nakuchoma mbili."

"Zote upande mmoja?"

"Nitachagua upande unaokalia!"

Walimkaribisha hivyo, kwa matusi madogo na mawe makubwa, na nilimwona akinenepa moyo ingawa mwili ulikonda. Alianza kuniambia mtoto atalala chumba gani. Alinunua kitambaa cha maua, akashona pazia kwa mkono, akalikunja na kulihifadhi ndani ya kasha la pamba ili popo wasilione.

Upande wetu, wa watu tuliolipwa, kazi ilikuwa nyingine. Lori lilishuka na saruji mchana kweupe, likapakua mifuko michache, likapanda milima na iliyobaki. Hakuna aliyeficha. Mbinga kulikuwa na nyumba ya wageni inajengwa, yenye baa chini, na kila utingo alijua ni ya nani. Mafundi walichanganya mchanga na mchanga, wakanyunyiza saruji kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Niliukwangua ukuta kwa ukucha, ukamwagika. Nikamfuata mkandarasi.

"Bosi, ukuta unaanguka kwa kidole."

"Usiuguse."

"Na ile saruji iliyorudi?"

Akaniwekea mkono begani. "Bwana Stoo, saruji inapenda hewa ya mlimani. Wewe ni mhandisi?"

"Hapana."

"Basi kafunge stoo."

Kalavati ndilo lililotangulia kufa. Waliliweka kijitoni, wakapiga nalo picha, na mvua kubwa ya kwanza ikalisukuma hadi ziwani, ambako liligeuka kuwa mahali pa wanawake kugongea nguo. Nilikaa ukingoni nikilitazama, nikakumbuka yale mashimo ya ngoro kule juu. Watu wanaojua kuuzuia mlima usiteremke, wameletewa wajuzi wa kuwafundisha kuvuka kijito! Nilitema mate. Nilitema mate mara nyingi mwaka ule.

Nyumba moja ilisimama. Nyingine mbili ziliishia kwenye misingi, mawe yamepangwa vizuri, nyasi zikaanza kuota katikati. Nikaambiwa mradi umekamilika.

Afisa akarudi na wenzake kufungua nyumba. Kijiji kikachinja mbuzi. Nesi alikuwa ametundika pazia lake la maua dirishani tangu asubuhi, amesuka nywele, amevaa sare nyeupe. Barua ya kumwita mama yake amlete mtoto alikuwa ameshaipeleka kwa padri aliyekuwa akienda mjini. Wakubwa walikula ndani ya nyumba, kwenye chumba ambacho alikuwa ameniambia ni cha mtoto. Mafuta yalitiririka hadi kwenye viwiko, mifupa ilitupwa chini kwenye sakafu mpya, mmoja akavua viatu na kupandisha miguu kwenye kiti cha kuazima. Maji ya kunawa yalikuwapo, bibi ameyashika kwenye birika mlangoni. Afisa hakuyangoja. Alinyoosha mkono, akavuta pazia, akafuta vidole vyake kimoja kimoja, halafu na midomo.

Nesi aliona. Sote tuliona.

Kisha afisa akatoka nje, akajikohoza. Alisema mkopo si zawadi. Alisema serikali ya sasa haifanyi tena mambo ya hasara, kila kitu lazima kijilipe chenyewe. Kodi inayokatwa kwa mtumishi ni ndogo, hairudishi kitu. Kwa bahati nzuri amepatikana mfanyabiashara wa usipa, mtu mwenye uwezo, atapanga nyumba hii, na fedha yake itamalizia zile mbili. Hapo watumishi watapata nafasi.

"Na mimi?" nesi aliuliza. Hakupaza sauti.

"Dada yangu, wewe una chumba. Vumilia kidogo."

"Mwanangu, huyu ndiye aliyepika," bibi mfinyanzi alisema, kama anayemkumbusha mtu aliyesahau kofia yake.

"Tunamshukuru sana kwa moyo wake," afisa akasema, akapanda gari. Walibeba mguu wa mbuzi uliobaki.

Mfanyabiashara wa usipa alifika na mtumbwi wa injini uliosheheni magunia. Alitafuta vijana wa kupakua. Vijana walikuwapo, wamekaa kwenye mchanga wakishona nyavu.

"Jamani, kazi hiyo, nalipa!"

"Karibu, tajiri," mmoja akamjibu kwa heshima zote. "Unayapeleka wapi?"

"Kwenye nyumba ile."

"Umeongea na mwenyewe?"

"Nimeongea na wilaya."

"Hao hawajapika hapa. Mwenyewe yuko zahanati, anachoma sindano. Ukitoka kwake tutabeba."

Hakwenda. Alileta wapagazi kutoka Mbinga. Ikawa vita ya ajabu, isiyo na tusi hata moja. Kila aliyepita mbele ya nyumba ile alibisha, "Hodi, Sista!" na tajiri akatoka akifoka kwamba Sista hakai hapa, na mpita njia akamjibu, "Ah, ametoka? Basi nitamngoja," akaketi barazani. Wajawazito walikuja kupumzika barazani. Wenye kikohozi walikuja kukohoa barazani. Mzee wa sindano mbili alikwenda kila siku, akaegemea ukuta na kuukwangua taratibu kwa kucha huku akiota jua.

"Mzee, unaharibu nyumba ya watu!"

"Naangalia kama imeiva, tajiri."

Tulicheka sana, lakini nesi hakucheka. Aliendelea kukung'uta nailoni yake kila asubuhi. Mama yake alikuwa amejibu barua, akiuliza waje lini.

Tajiri alikuwa na haraka ya pesa na hakungoja usipa wakauke. Aliwajaza wabichi nusu, chumba hadi chumba, hadi kwenye madirisha. Ikanyesha wiki nzima. Bati lilikuwa jembamba, limepigiliwa misumari michache kuliko niliyoipokea, na maji yakaingia. Harufu ikaanza kama kitu kilichofia mbali, kisha ikasogea, kisha ikakaa kwenye kijiji. Watu walipikia nyuma ya nyumba zao. Padri alifunga madirisha ya kanisa. Mwishowe tajiri akachukua magunia yaliyofaa, yale mengine akayaacha, akapotea kama alivyokuja, kodi hakulipa.

Hapo ndipo afisa alipotuma salamu kwa dereva wa lori: nesi sasa anaweza kuhamia, ili fedha ya mkopo isikae bure.

Funguo zilikuwa kwangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfungulia. Aliingia amejifunga kanga puani. Magunia yalikuwa yamepasuka na yaliyomo yalikuwa yakitembea. Funza walikuwa sakafuni, ukutani, kwenye fremu za milango nilizozilinda kutoka Songea. Kuta zile za mchanga zilikuwa zimenyonya mafuta ya samaki hadi usawa wa kifua, zikawa nyeusi. Sakafu imepasuka katikati. Pazia la maua tulilikuta limezibia tundu la gunia, na alama za vidole vya afisa bado zimo.

Alisimama kwenye chumba cha mtoto. Akakitazama kona kwa kona.

"Hapa?" akasema. "Alale hapa?"

Nilitoka nje nikatapika. Yeye hakutapika. Alifunga mlango mwenyewe, akanirudishia funguo, na jioni ile akaandika barua ya uhamisho.

Wanawake walimfuata zahanati. Nilikuwapo. Walisema watachota maji na majivu, wataisugua, watabomoa kuta na kuzijenga upya kwa udongo mzuri wa kijitoni, hawahitaji saruji ya mtu.

"Tualike tena tu, Sista," bibi alisema. "Mara moja. Hata kama ni uji."

Nesi alimshika mikono yote miwili. "Bibi, chakula changu kimekwisha."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Hakumbembeleza tena: chungu kimekwisha, kazi haina tena mwenyewe. Tangu saa ile hakuna aliyemwambia abaki.

Uhamisho ulifika kabla ya kiangazi kuisha. Lori lililokuja kuchukua mbao na mapipa ya mkandarasi ndilo lililompakia yeye pia, na mimi, kwani stoo haikuwa na kitu tena cha kutunza. Nilikuwa nimemwambia bosi kwamba Songea sitashuka, nitaendelea mbele hadi barabara itakaponichoka. Nesi alikaa mbele na dereva, kapu lake mapajani. Asubuhi hiyo hapakuwa na hotuba wala nyimbo. Watu walikuja, wakamshika mkono dirishani mmoja mmoja, kisha badala ya kurudi majumbani wakaenda kwenye ile misingi miwili.

Mwanzoni sikuelewa. Nilikuwa juu ya mbao, naona kila kitu. Wanawake waliinama kati ya nyasi, wakageuza mawe, wakayapangusa, wakaulizana, "Hili si lako wewe?" "Langu lile lenye weupe." Kila aliyelipata jiwe lake alijitwisha, akateremka nalo kuelekea ufukweni. Hawakugombana. Hawakuharakisha. Dereva alipomaliza kuongeza maji kwenye rejeta, msingi mmoja ulikuwa umebaki mtaro tu wenye umbo la nyumba, na wa pili ukielekea huko. Ile nyumba iliyosimama hawakuigusa. Waliipita kwa mbali, wameziba pua.

Bibi mfinyanzi alikuja upande wa lori na jiwe kichwani, shingo imenyooka. Alinitazama juu.

"Bwana Stoo. Unaondoka moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, bibi."

"Na wewe hukuweka jiwe hapa?"

"Sikuweka, bibi."

"Basi nenda salama," alisema. "Huna cha kuchukua."

Akaendelea na njia yake kuelekea ziwani. Utingo akapiga bodi la lori, tukaanza kupanda.